Msumari wa Bibi Skolastika na Picha Iliyotoka Giza

Siku niliyokabidhi funguo za studio, vijana wa kazini walinifanyia sherehe. Pilau ilikuwepo, nikavishwa kitenge, na keki ikaliwa na watu ambao sikumbuki kuwaona wakifanya kazi. Nikasimamishwa katikati, nikapigwa picha za kuagwa. Wageni walipoondoka, Atupele, binti wetu mgeni kazini, akanijia na kamera shingoni, macho chini.

"Mama Ipyana, samahani. Zako zote zimetoka giza."

Nilicheka mpaka nikatafuta kiti. Miaka yote nimewapiga watu picha, maharusi, maaskofu, wabunge na watoto wasiotulia, halafu siku yangu mwenyewe natoka kama kivuli kilichosimama nyuma ya keki!

"Nizifute nipunguze aibu?" akaniuliza.

"Thubutu! Ukizifuta nakufuta na wewe."

Hakuelewa kwa nini nilikuwa mkali hivyo, na nilikuwa nimechoka kumweleza. Kwa hiyo nimekaa nyumbani kwangu hapa Iringa, chai iko mezani, naandika. Ni kwa ajili yako Atupele, na wenzako wote ambao bado mnazifuta picha za giza kabla hamjaziangalia vizuri. Habari za vyeo naziruka, maana kwenye studio ya watu wanne cheo ni nani kashika ufunguo wa choo. Nitawaambia kazi.

Nilianzia Mbeya mjini, kwa Mzee Jivan. Alikuwa Mhindi wa pale pale Mbeya, kazaliwa pale, kakulia pale, na Kinyakyusa chake cha sokoni kiliwashinda wachuuzi wengine wa Uyole. Sikwenda kwake kuomba kazi. Nilikwenda kugomba. Nilikuwa nimemaliza shule, nimepata nafasi ya chuo, nikapiga kwake picha za pasipoti saizi. Kwenda kuzichukua, nakuta uso mweusi tii umekaa juu ya shati jeupe, macho mawili basi.

"Mzee, huyu siyo mimi."

"Binti, ni wewe. Shati si lako?"

"Shati ni langu. Lakini mimi nina pua. Nionyeshe pua yangu iko wapi hapa."

Alichukua ile picha akaenda nayo dirishani. Akaivuta karibu, akaipeleka mbali. Wateja kwenye benchi walianza kuguna, na mimi nikajua nimeharibu, nitafukuzwa. Mzee Jivan akageuka na kusema kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa, "Kweli. Pua haipo."

Akaniita niingie naye kwenye chumba cha giza, mlango akauacha wazi kidogo ili wale wa benchi wasiseme maneno. Shati langu jeupe lilikuwa limemdanganya. Alipima mwanga kwa ule weupe, uso ukakosa haki yake. Akaitafuta negativu yangu, akaweka karatasi nyingine chini ya mashine, na mkononi akashika kitu ambacho nilidhani ni mchezo wa mtoto: kipande cha kadi, duara, kimefungwa kwenye waya wa hanga. Mwanga ulipowaka, akakipitisha kile kikadi juu ya uso wangu, anakitikisatikisa taratibu, mwanga usiuchome uso kama unavyochoma sehemu nyingine. Karatasi ikaingia kwenye dawa. Pua ikaja. Mashavu yakaja. Nikapiga kelele.

"Chuo kinafunguliwa lini?" akaniuliza.

"Mwezi ujao."

"Basi kaa hapa mpaka mwezi ujao. Hawa wengine wote wananiambia asante tu. Nahitaji mtu wa kugomba."

Ule mwezi ujao mpaka leo haujafika. Mama yangu kule Tukuyu alininunia vizuri sana, akawa anawaambia majirani kwamba mwanawe kamezwa na kabati la Mhindi. Nilipompelekea picha yake ya kwanza, amevaa kitambaa cha kanisani, pua ipo na kila kitu kipo, akaipitisha nyumba kwa nyumba.

Chumba cha giza vijana hamkijui, na sitawadanganya kwamba kilikuwa raha. Kilinuka dawa, na taa nyekundu ilikufanya utoke nje ukiwa kipofu. Baridi ya Mbeya mwezi wa sita ilikuwa inalaza dawa. Unaweka karatasi kwenye sinia, unasubiri, picha haiji, unaanza kumlaumu aliyetengeneza karatasi. Kumbe dawa inasikia baridi kama wewe. Tulikuwa tunaisimamisha ile sinia ndani ya beseni la maji ya moto, na kazi yangu ya kwanza ya kitaalamu ilikuwa kuchemsha maji. Mteja mmoja alibishana na mimi kwamba picha zetu tuzitoe haraka na kwa bei rahisi kwa sababu karatasi tunazitoa hapo kiwandani Mgololo. Nilimwambia aende Mgololo akaombe ile iliyokwisha kuwa na sura yake.

Picha zilizopigwa gizani zilikuwa nyingi mno. Watu walikuwa wanakuja na mikanda waliyopiga wenyewe: ubatizo ndani ya nyumba isiyo na dirisha, sherehe chini ya turubai. Negativu inatoka nyepesi, ukiiinua unaona ukuta wa pili. Mwanzoni nilikuwa natoa picha nzima kwa pupa, naipunguzia mwanga wa mashine, maana kwenye karatasi mwanga ndio unaoleta weusi, mpaka kila kitu kiwe cheupe. Uso unaonekana, sawa, lakini na ukuta unaonekana, na masizi ya ukuta yanaonekana, na picha yote inakuwa kama imefuliwa kwa majivu. Mzee Jivan alikuwa anasimama nyuma yangu.

"Tuse, hili giza ni la nani?"

"La picha, mzee."

"Hapana. Angalia. Giza hili la ukuta, hili la koti, hili la uso. La ukuta mwachie ukuta. La koti mwachie koti. Uso tu ndiyo umeonewa."

Sentensi hiyo nimeishi nayo mpaka nimestaafu. Nilipoolewa na mume wangu akahamishiwa Iringa kufundisha, Mzee Jivan alinipa zawadi ya kuondokea. Nilitegemea kitambaa cha gauni. Nikafungua bahasha nikakuta kile kikadi chake cha waya. Nilinuna kuanzia Uyole mpaka Makambako.

Iringa nikapata kazi kwenye studio hii mnayoijua, nikazaa, nikaitwa Mama Ipyana, nikawa fundi. Mtu akisema fulani anaijua kazi, alikuwa ananisema mimi, na sikuwa napinga. Kisha dijitali ikaja. Ilikuja kwenye boksi moja dogo, na mimi niliyekuwa nasafisha picha huku nimefumba macho nikarudishwa darasa la kwanza. Sikujua kadi inaingilia wapi. Kompyuta ikinigomea nilikuwa naipiga ubavuni kama redio.

Tuliletewa kijana kutoka Dar atufundishe. Alituambia jambo moja ambalo lilinigeuza kichwa. Kwenye mkanda sisi tulikuwa tunaogopa giza, kwa sababu mahali ambapo mwanga haukugusa negativu ni maji matupu, huwezi kuvua kitu hapo. Yeye akasema, "Kwenye dijitali ogopeni weupe. Weupe ukiungua umeungua, gauni la bibi harusi linakuwa karatasi, na hakuna wa kulirudisha. Giza kidogo linarekebishika." Akatuonyesha pia faili ghafi, lile kubwa ambalo kamera inatunza kila ilichokiona kabla ya kukipamba, akasema tusipige kazi ya maana bila hilo. Nikayashika yote mawili kwa imani ya mlokole mpya. Nikauogopa weupe kiasi kwamba nikaanza kupunguza mwanga hata pale ambapo hakuna cheupe cha kuungua.

Katika hali hiyo ndipo alipoingia Agripina Kikoti. Alikuwa nesi hapa mjini, mwanamke mnene wa sauti, na alikuja kutafuta mpiga picha wa jubilei ya dhahabu ya wazazi wake huko Kilolo. Wazee walikuwa wanarudia ahadi zao za ndoa kanisani, misa kubwa, gauni na shela, kila kitu.

"Sasa nikwambie dada yangu, mama hataki albamu," alisema. "Anataka picha moja. Yeye na baba, wamesimama, mbele ya altare. Hiyo tu. Mengine yote ni ya kwetu watoto."

"Moja tu?"

"Utamwelewa ukimwona."

Nilikwenda na Agripina siku moja kabla kuona kanisa, kama nilivyofundishwa, tukapitia kwanza nyumbani kwa wazee. Mama yake, Bibi Skolastika, alinipokea mlangoni.

"Kamwene," nikasalimia kwa Kihehe changu cha kuazima.

"Kamwene, mwanangu. Wewe ndiye wa picha? Ingia nikuonyeshe."

Aliniingiza sebuleni akanionyesha msumari. Ulikuwa mkubwa, wa kupigia paa, umeota kutu, na ulikuwa umening'iniza kalenda ya parokia. Akaniambia siku ya ndoa yao alikuja kijana mpiga picha kutoka mjini, na baiskeli na kamera kubwa. Akawasimamisha mbele ya altare, akawaambia wasicheke, akawapiga moja. Akasema ataileta. Mume wake, Mzee Kikoti, akapiga msumari ukutani siku ile ile. Walimsubiri yule kijana mpaka wakazaa, mpaka wakajenga nyumba nyingine, na Mzee akaung'oa ule msumari kule akaja kuupiga huku. Kila aliyekwenda Iringa mjini alikuwa anatumwa na Bibi amuulizie yule kijana.

"Nimemlaani vya kutosha yule," Bibi alisema bila hasira, kama anavyotaja kazi ya shamba aliyoimaliza. "Sasa umekuja wewe. Na wewe una baiskeli?"

"Sina, bibi."

"Afadhali."

Mzee Kikoti alikuwa amekaa kwenye kiti chake pale pembeni. Kiharusi kilikuwa kimemchukua upande wa kushoto, na maneno yalikuwa yanamtoka moja moja. Nikamwangalia, nikamwangalia Agripina. Nje nikamuuliza, "Mama anataka wamesimama. Baba anasimama?" Akafuta macho kwa kona ya khanga. "Mwezi uliopita alikuwa anasimama akishikwa. Sasa sijui. Lakini nani atamwambia mama?"

Kanisa lile lilikuwa la matofali ya kuchoma, zuri kwa kusali na baya kwa picha. Pembeni madirisha madogo kama ya stoo, na nyuma ya altare dirisha moja kubwa la vioo linalotazama jua la asubuhi. Padre alikuwa mpole lakini alikuwa na sheria zake, na alinipa mbele ya kamati nzima ya jubilei. "Flashi hapana. Na huu mstari wa vigae, usiuvuke."

Asubuhi yake kanisa lilijaa mpaka nje. Bibi aliingia na gauni jeupe pee, wajukuu wanamshikia mkia. Mzee aliletwa kwenye kiti, suti nyeusi, ua jeupe kifuani. Ilipofika wakati wa ahadi, padre akasema, "Wanajubilei wetu watabaki wamekaa." Bibi akakaa. Akatazama mbele tu. Mimi nilikuwa nyuma ya mstari wangu wa vigae, nimepunguza mwanga kuokoa gauni, nikaona mkono wa kulia wa Mzee unashika mkono wa kiti.

Akasukuma. Mwanawe mmoja akaruka kumsaidia, Mzee akamtikisia kichwa: toka. Akasukuma tena. Na yule mzee akasimama! Akamnyooshea mkewe mkono, Bibi akainuka, akamwekea Mzee bega lake chini ya ule mkono uliokufa, wakasimama wote wawili mbele ya altare, na padre akasahau kitabu kiko ukurasa gani. Vigelegele vilivyopigwa pale sijawahi kuvisikia tena. Nilikuwa nalia na ninapiga. Nikatazama kioo cha kamera: picha ipo, inawaka, safi. Mzee akakaa. Nikasema moyoni, asante Yesu, nimeipata.

Atupele, hapa soma mara mbili. Kile kioo cha kamera ndani ya jengo lenye giza kama lile kanisa ni mwongo. Macho yako yamezoea giza, kwa hiyo kila kinachowaka unakiona kizuri. Nilirudi Iringa mjini naimba, nikaweka kadi kwenye kompyuta mchana kweupe, na kilichotokea ni dirisha la vioo. Dirisha zuri sana, kila rangi ipo. Mbele yake kuna vivuli viwili vyeusi. Gauni la Bibi lilikuwa kijivu kama shuka ya lojingi. Nyuso hazikuwepo.

Picha za nje zilikuwa nzuri zote, wajukuu, ng'ombe wa zawadi, kwaya. Lakini nje Mzee alikuwa amekaa. Kusimama alisimama mara ile moja tu.

Nikafanya kile ambacho kila anayeanza anafanya. Nikashika kitufe cha mwanga nikakivuta mpaka mwisho. Nyuso zikatokea, na ukuta ukatokea, na giza lote likawa ukungu. Ngozi zikawa za kijivu, halafu juu yake zikamwagika punje nyekundu na kijani, utadhani mtu kanyunyizia pilipili na giligilani. Nikasema itafaa. Siku zile wateja wengi walikuwa wanataka kung'arishwa, mtu anakuja maji ya kunde anataka atoke chungwa, nikadhani Agripina naye atafurahi.

Agripina alikuja na sare zake za uuguzi, akavuta kiti, akainama mbele ya kompyuta.

"Huyu nani?"

"Mama yako, dada."

"Mama yangu anapaka mafuta asubuhi na jioni. Huyu kapauka! Mama yangu hajapauka tangu nimjue." Akasukuma kiti nyuma. "Huyu siyo mama yangu."

Nikaikumbuka benchi ya Mbeya na shati langu jeupe. Agripina naye sauti ikamshuka. Akaniambia baba tangu siku ile hasimami tena hata akishikwa, nguvu zake zote alizimalizia pale kanisani. Na mama kila siku anauliza. "Jana kasema, yule wa kwanza aliondoka na baiskeli, huyu kaondoka na gari. Dada, nikamwambie nini?"

"Kamwambie naileta mwenyewe."

Alipotoka nilijilaumu kwa mdomo wangu. Nitapeleka nini? Nilikuwa nakaribia kuwa mpiga picha wa pili kumpotelea yule bibi, na wa pili ndiye angekuwa mbaya zaidi, kwa sababu wa kwanza angalau hakuona msumari.

Nikairudisha picha kwenye giza lake la mwanzo, nikaitazama. Lile dirisha lilikuwa linaniumiza macho, kila nikitaka kuona uso, jicho linakimbilia kwenye vioo. Ukutani pale nilikuwa nimetundika kikadi cha Mzee Jivan, zaidi kwa kumbukumbu. Nikakishusha nikakishika mbele ya kompyuta, nikaliziba dirisha. Nikatulia. Taratibu macho yakazoea, na nikamwona Bibi. Hafifu, lakini yupo: paji la uso, mfupa wa shavu, na juu ya shavu mng'ao mdogo wa mafuta. Na Mzee yupo, mdomo umekaza. Hawakuwa wamepotea hata kidogo. Faili ghafi lilikuwa limewatunza, mimi ndiye nilikuwa nimewafukuza kwa kuwasha taa nyumba nzima.

Hili giza ni la nani? La ukuta nikaliacha. La suti nikaliacha jeusi kama lilivyo, suti nyeusi ikigeuzwa kijivu mtu anaonekana kaazima. Nikachukua brashi ya kwenye kompyuta, pana na laini, nikapita juu ya uso wa Bibi peke yake, kidogo, nikaacha, nikarudia. Vile vile nilivyokuwa natikisa kikadi Mbeya. Uso wa Mzee. Mikono iliyoshikana. Gauni kwa mbali. Kila nikiongeza naweka kiganja changu pembeni ya kioo kulinganisha: hii bado ngozi ya mtu, au nimeshampausha? Ule mng'ao wa mafuta ndiyo nilioulinda kuliko kitu chochote. Uso mweusi unajengwa na mng'ao wake, ukiufuta umebaki na sufuria isiyosuguliwa.

Zikabaki punje. Nyuso zilikuwa zimerudi, lakini zile nyekundu na kijani ziligoma. Nikizilainisha, Bibi anakuwa mwanasesere, makunyanzi yote yanakwenda, na yale makunyanzi kayatolea jasho. Nikajaribu hiki, nikajaribu kile. Mwisho, kwa kukata tamaa tu, nikaondoa rangi yote.

"Eee Mungu wangu!"

Mwenzangu wa kaunta alikuja mbio akidhani nimepigwa shoti. Nilikuwa nimesimama. Punje bila rangi zilikuwa punje za mkanda, zile zile nilizozisafisha ujana wangu wote. Mbele yangu walikuwa mwanamume na mwanamke wamesimama mbele ya altare, nyeusi na nyeupe, hawacheki, na mtu yeyote angeapa kwamba picha ile ilipigwa na kijana mwenye baiskeli na kamera kubwa. Nilimkumbatia yule wa kaunta mpaka akaomba msaada.

Niliitoa kwenye karatasi isiyong'aa, na siyo kubwa, maana ukiikuza sana punje nazo zinakua. Ya kwanza ikatoka nzito kuliko kwenye kompyuta, kama kawaida, karatasi haina taa ndani yake. Nikaongeza kidogo, nikatoa tena. Agripina alipoiona alifungua pochi akatoa kitambaa. Kisha wasiwasi ukamrudia. "Lakini haina rangi. Watu watasema jubilei ya dhahabu, picha ya mkaa."

"Wewe panda gari twende."

Tulipita Ilula, wauzaji wanatuinulia ndoo za nyanya dirishani, Agripina anagombana nao wote kwa raha zake, na mimi nimepakata fremu kama mtoto wa siku saba. Kama Bibi angeikataa, sikuwa na nyingine.

Bibi alinawa mikono kwanza. Akavaa miwani. Akaipokea fremu kwa mikono miwili, akaiangalia, na sisi wote tukamwangalia yeye. Hakulia. Alipitisha kidole juu ya kioo, kwenye gauni, kwenye bega lake, kwenye ule mkono wa mumewe uliolalia bega. Kisha akainuka, akaenda kumwekea Mzee magotini.

Mzee Kikoti akaitazama muda mrefu. Mdomo ukahangaika kutafuta neno.

"Nimesimama," akasema.

"Umesimama," Bibi akamjibu.

Hapo ndipo nilipolia mimi, kwa sauti, bila ustaarabu wowote, na Agripina akanifuata. Bibi akatuacha na kilio chetu. Akaenda ukutani, akashusha kalenda ya parokia akaiweka kitini, akatundika picha kwenye ule msumari, akarudi nyuma hatua chache kuona kama imenyooka. Akaisogeza kidogo kulia. Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyemsema vibaya jirani bila sababu.

"Kumbe yule kijana hakututapeli," akasema. "Alichelewa tu."